Sakafu ya Sichana Chini ya Kitanda Changu

Njoo karibu, Machano, ukae hapa chini sakafuni, usilete kiti, nataka ukae pale unapoweza kuipapasa sakafu kwa kiganja wakati mimi nnasema. Na wewe Shemsa acha kunipepea, mkono wako umeshachoka na joto langu mimi si la kupepewa. Adhana ya alasiri ishapita, kichwa kimetulia, na sauti hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki. Haya, tegeni masikio. Mimi, Mwatum binti Nahodha, niliyekuzaeni nyote wawili katika nyumba hii hii ya Jang'ombe, nnatoa wosia wangu nikiwa na akili zangu timamu, na atakayesema baadaye kwamba bi mkubwa alikuwa anaweweseka, mwambieni aje anishinde kwa maneno kabla sijafa.

Najua mnachokitaka, na najua mnaogopa kukisema. Shemsa, mwanangu, unadhani sioni? Mimi nimelala, pua yangu haijalala. Kila Ijumaa unapika mchuzi wa pweza kwa nazi, mchuzi ambao hata mimi niliyekunyonyesha hunipikii ila siku ya Idi, unautia kwenye bakuli, unalifunika kawa, unatoka nalo mlango wa uani kwa kunyatia, na bakuli linarudi limekombwa. Linakwenda kwa Sichana. Linakwenda kwa mke mwenzangu, kule kwenye majumba mapya ya ghorofa, unapanda ngazi mpaka juu kabisa kumpelekea, halafu unamwita Mama Mdogo. Usikatae, jirani yetu Bi Mwanakheir kaniambia, na yule hata kama ni mmbeya hajapata kusema uongo kwa kitu alichokiona kwa macho yake. Na sasa Sichana magoti yamemkataa, hawezi kushuka wala kupanda, mtoto hana, jamaa zake wako Bwejuu na waliobaki ni wazee kuliko yeye, na nyinyi wawili mmekaa mkakubaliana kwamba mama akishakwenda mtamleta yule bibi akae katika nyumba hii. Ila mnaogopa radhi zangu. Mmefanya vizuri kuogopa, maana mimi bado mzima na nyumba bado yangu.

Jibu nnalo na nitakupeni leo, lakini nitalitoa kwa njia yangu, na njia yangu ndefu. Tuanze na mali. Nyumba mtagawana kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu, mwanamume fungu lake na mwanamke fungu lake, sina la kuongeza wala la kupunguza, nendeni kwa kadhi akusomeeni. Lakini theluthi ni yangu, sheria imeniachia niielekeze nnakotaka, kwa mtu asiyenirithi, na theluthi hiyo nimeikata mwenyewe kwa macho: ni chumba cha uani pamoja na ukumbi mpaka mlango wa mbele. Ikumbukeni, tutarudi hapo. Machano, mwiko wa uashi wa baba yako na tindo zake na timazi yake viko chini ya kitanda, vimefungwa gunia, nimevipaka mafuta kila mwaka visishike kutu, usimuazime mtu. Shemsa, kanga zangu zote ni zako, na zile zilizo chini kabisa sandukuni ambazo hazijaguswa na maji uvae wewe, usigawe. Na kile kibao cha kupigilia sakafu kilichoegemea nyuma ya mlango si chetu, ni cha Bi Mwanakheir, nilikiazima mwaka ule wa sakafu na sikumrudishia kwa sababu alinisema msibani kwa watu. Mrudishieni, lakini baada ya hitima yangu, si kabla.

Sasa nikwambieni habari ya baba yenu. Nyinyi mnamkumbuka Mcha mtu mzima, ana kikohozi cha chokaa na mgongo umepinda. Mimi nnamkumbuka kijana, mwashi wa kuitwa mjini, mikono imekatikakatika, akija kuposa kwa baba yangu Nahodha hana kitu ila mwiko kiunoni. Baba akanipa yeye, akatupa na kibanda hiki, wakati ule kuta za udongo na sakafu ya udongo, mvua ikinyesha nikilala na kuku. Nikamwambia, Mcha, wewe unawasakifia matajiri wa Malindi mpaka maghala yao, na mkeo anafagia tope? Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mke wa kinyozi naye aote ndevu? Akacheka. Alikuwa na cheko, baba yenu, la kukufanya usahau ulichokuwa unakidai.

Siku zile mfanyabiashara mmoja wa Malindi, Pirbhai, alikuwa anang'oa sakafu kongwe ya ghala lake atie mpya, akamwambia baba yenu kifusi kile akakitupe pwani. Hakukitupa. Alikileta hapa, gari la ng'ombe baada ya gari la ng'ombe, akanijengea baraza ya mbele ya nyumba, akasema: mke wangu, zege halifi, likivunjwa linakuwa kokoto, kokoto likipata chokaa linakuwa zege tena, mpaka siku ya kiyama. Na akanifundisha jambo ambalo wewe Machano nnataka ulishike, maana waashi wa siku hizi wana haraka. Zege zee usilichanganye likiwa kavu. Jiwe lililokwisha kujengewa lina kiu. Liloweke kwanza, linywe mpaka litosheke, ndipo ulitie kwenye chokaa. Usipolinywesha litakunywa maji ya chokaa yako, na kazi yote itapasuka. Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilikuwa nikichota maji kisimani, yeye akichanganya, na tulipomaliza kumwaga tukaipigilia pamoja, yeye kibao chake na mimi changu, siku nzima, hatuna waimbaji wala wageni, tukiimbiana wenyewe.

Na nilikuwa na sahani yangu ya harusi, ya kichina, ina maua ya buluu, mama yangu alinipa, ikavunjika siku ya kuhamia hapa. Sikuitupa. Nilivichukua vile vipande nikavipachika ukingoni mwa baraza kabla haijakauka, ua moja hapa, ua moja pale, na Mcha akavikandamiza kwa kidole gumba chake. Watu walikuwa wakipita wanasimama kutazama. Mimi nilikuwa nikikaa pale jioni nikimsubiri mume wangu, na sikumuonea gere mwanamke yeyote wa Unguja hii, hata aliyekuwa analala kwenye samadari.

Basi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Miaka ikaenda, mkazaliwa nyinyi, baraza ikafanya ufa. Ufa mwembamba, unywele wa mtoto. Baba yenu akautazama, akasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, afadhali niivunje yote, nikitoka Bwejuu kuchoma chokaa nitakuja kukutilia sakafu nyumba nzima, chumbani, ukumbini, mpaka uani. Nikamuamini, mimi mjinga wa mapenzi. Akaivunja kwa mtaimbo asubuhi moja, kifusi akakipakia gari la ng'ombe, akaniambia anakwenda kukitupa. Nikamuuliza, si ulisema zege halifi? Akasema hili limekufa. Mimi nikafagia mahali palipokuwa na baraza yangu, nikamwagia maji vumbi litulie.

Akaenda Bwejuu kutafuta chokaa, akarudi na chokaa na mke.

Msinitazame hivyo. Nnajua dini imemruhusu, na nnajua alinijia kwa adabu, akaniletea doti ya kanga na maneno laini. Lakini dini haikuniamrisha nisiumie. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda mpaka bangili zikawa zinanivuka. Aliyemuoa alikuwa msichana wa watu, mwembamba, mcheshi, na sauti... lo, sauti ile! Sichana akisema tu "hodi" mtaa mzima unajua leo kuna mgeni. Na chokaa yote ile ya Bwejuu, chokaa niliyoahidiwa mimi, ikaenda Michenzani, kwenye nyumba aliyomjengea yeye, nyumba ya mawe, na ndani yake sakafu ya zege kuanzia mlango wa mbele mpaka uani. Mimi huku nikifagia tope.

Siku ya kupigilia sakafu ile aliita watu, wanawake kwa wanaume, wamejipanga safu mbili na vibao vyao, kukapikwa pilau, kukapigwa vigelegele. Nilikuwa natoka dukani nikapita njia ya mbali makusudi nisisikie, nikasikia. Mnajua nyinyi mlio wa kupigilia, vibao vyote vinashuka pamoja, halafu anainuka mmoja na wimbo na wengine wanaitikia. Na aliyekuwa akiinuka na wimbo ni bibi harusi mwenyewe, Sichana, anaimba sakafu yake. Nilisimama pale na kibaba changu cha unga mkononi mpaka nikaona watu wananitazama. Nikarudi nyumbani nikawapiga nyinyi wote wawili bila ya sababu. Shemsa wewe hukumbuki, ulikuwa mdogo.

Nipe maji. Kidogo tu... basi, inatosha.

Tukaishi. Zamu zake akizigawa sawasawa, hapo simsingizii, usiku wa kwake kwake, usiku wa kwangu kwangu, hata mvua ya masika haikumzuia. Watu wakanisifu, Mwatum mke mwema, hana maneno. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila akija kwangu nilikuwa nikitazama nyayo zake: akitoka Michenzani zilikuwa safi, akitoka hapa zina udongo. Nilikuwa nikimuosha miguu mlangoni.

Yakaja Mapinduzi, watu wakapata misiba yao na furaha zao, na baada ya hapo mwaka wa pili kifua kikamshika baba yenu. Kikamshikia kwa Sichana, katika zamu ya Sichana. Zamu yangu ilipoingia hakuja. Nikasubiri, nikavaa kanga nikaenda mwenyewe Michenzani, nikabisha hodi, akatoka yeye, akasimama mlangoni mkono huku na mkono huku, akaniambia kwa sauti ya chini: "Da Mwatum, amelala sasa hivi, usimwamshe." Kesho yake nikarudi, amelala usimwamshe. Kesho kutwa hivyo hivyo. Alikuwa mgonjwa kweli, sikatai, na yeye alikuwa hajalala siku nyingi, macho yamemwiva. Lakini zile zilikuwa siku zangu! Mume wangu alikuwa akinimalizikia upande wa pili wa mlango, na mtu niliyemtangulia kuolewa ananipangia lini nimuone. Alipofungua mlango mwisho wake, alinifungulia niingie kulia. Mcha alikufa kwenye zamu yangu, ndani ya nyumba ya mwenzangu.

Machano, wewe unakumbuka kilichofuata, maana kazi ile uliifanya wewe. Maiti lazima achimbiwe ufuo, shimo la kupokelea maji anayooshewa, na katika nyumba zetu za udongo ufuo ni jembe mara mbili tatu umekwisha. Pale palikuwa na zege. Waliokuja na majembe wakasimama wakitazamana. Ukaenda ukachukua tindo za baba yako mwenyewe, ukapiga magoti ukaanza kuivunja sakafu ya mwashi ili aoshwe mwashi, na kila ukipiga nilikuwa nasikia hapa, katika meno. Maji yake yalipita katika mawe yale. Mlipomaliza mazishi ukaliziba lile shimo, likabaki kiraka, cheupe kuliko kwengine, na Sichana akakaa nacho ndani, anakitandikia mkeka, anasali juu yake. Mimi nilibaki na nini? Nilibaki na mahali palipokuwa na baraza.

Ndiyo maana ilipokuja habari kwamba nyumba za mtaa ule wa Michenzani zinaondoshwa yapite mabarabara na majumba ya ghorofa, mimi sikulia na waliolia. Nilikodi gari la ng'ombe nikaenda asubuhi mapema. Watu walikuwa wakiokoa milango yao, boriti zao, mabati. Sichana amekaa juu ya sanduku lake katikati ya njia, kajifunika kanga mpaka puani, kwani kila kilichokuwa chake kimegeuka vumbi. Sikumpa pole. Nilimwambia, Sichana, nipe kifusi cha sakafu. Akaniangalia, akasema: "Chukua, Da Mwatum, mimi nnakwenda kukaa juu ghorofani, huko mawe hayapandi." Nikaanza na kile kiraka. Nilikipakia mwenyewe kwa mikono yangu, sikumruhusu hamali akiguse.

Saruji mwaka ule ilikuwa haipatikani, nyinyi mnajua, yote inakwenda kwenye kazi kubwa, na mtu wa kawaida akitaka sakafu avunje kilichovunjika. Nikavunja. Mlinisihi niache, mkaniambia mama utaumia, jirani wakasema Mwatum karogwa. Miezi nilikaa pale uani chini ya kivuli cha makuti, jiwe nimelizungushia kata ya kitambaa lisiruke, nyundo mkononi, nikivunja sakafu ya Sichana vipande vya ukubwa wa tende. Na nitakwambieni ukweli, wanangu, sijapata kufanya kazi iliyonipa raha kuliko ile. Kila nyundo ilipokuwa inashuka nilikuwa nasema moyoni: ngoma zenu hizi, pilau yenu hii, vigelegele vyenu hivi.

Mpaka siku moja nimelipasua bonge, nikaona buluu.

Nilidhani macho yananihadaa. Nikalitia maji nikalisugua kwa kidole. Ua. Ua la sahani ya mama yangu, lile lililopachikwa na kidole gumba cha Mcha barazani kwangu, limo katikati ya zege la Sichana. Nikavunja jengine, na jengine. Baraza yangu yote imo mle! Hakuitupa, yule mwanamume. Aliivunja baraza ya mke mkubwa, akailoweka ikanywa maji, akaitia katika sakafu ya mke mdogo, akadhani zege likishafunikwa halisemi. Mtu aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba zege halifi! Nilikaa pale na kile kipande mkononi, nikacheka na nikalia, sikujua kipi kimetangulia. Hasira yangu ilikuwa mpya kabisa, na mwenyewe yuko kaburini hata wa kumtukana sina. Wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kweli mawe yangu yalikuwa yamenirudia, yamekwenda Michenzani yakacheziwa ngoma, yakapokea maji ya maiti wangu, yakarudi.

Basi mkanitilia sakafu hii. Nikaita watu wa kupigilia, nikapika nilichoweza, mchele wenyewe wa foleni, na watu wakajipanga hapa ukumbini na vibao vyao. Tumeshaanza, mara nasikia hodi. Sauti ile. Sichana, kashuka ngazi zake zote wakati ule magoti yanamtii bado, kaja na kibao chake mkononi, sikumwalika. Nyote mkanitazama mimi. Lakini mnajua ada: mtu akija na kibao chake kwenye sakafu yako hafukuzwi, ukimfukuza sakafu inakuwa na nuksi. Nikasogea nikampa nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa ubavuni pangu. Akafunga kanga kiunoni, akainua kibao, akainuka na wimbo. "Pigani taratibu, mawe yana masikio." Nyumba nzima ikaitikia. Walioondoka hapa jioni ile walikuwa wakisema, sakafu ya Bi Mwatum imetoka nzuri, imetoka nzuri kwa sauti ya Bi Sichana. Mnaona? Hata sakafu niliyoivunja kwa mikono yangu, sifa akachukua yeye.

Hili la sasa hamlijui, nilikuwa nimelificha kwa ubakhili, nalila peke yangu. Tulipokuwa tunapigilia pale karibu na kitanda kilipo sasa, kibao chake kiligusa kipande cha buluu kilichojitokeza. Akainama, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akanambia bila ya kuacha kupiga, wengine wanaimba hawasikii: "Da Mwatum, maua haya nnayajua. Sakafu ile sikuipenda hata siku moja. Kila mgeni akiisifu, Mcha akimjibu, mawe ya barazani kwa Mwatum hayo, ndiyo maana haipasuki. Nyumba yangu mwenyewe, na kila siku nalala juu ya jina lako."

Wallahi, wanangu, sikuwahi kusikia neno tamu kama lile tangu nizaliwe. Miaka yote niliyokuwa nikisaga meno hapa Jang'ombe, yeye alikuwa akisaga yake kule Michenzani! Nilitaka nimkumbatie na nilitaka nimpige na kile kibao. Nikamwambia tu, piga, Sichana, chokaa inakauka. Akapiga. Jua lilikuwa kali, jasho linamtoka, na maji sikumpa. Nasema sikumpa, Shemsa, usinung'unike, alikuwa na sauti na alikuwa na siku zangu za mwisho za Mcha, na maji pia?

Niinueni kidogo. Hapo. Mto usiusogeze.

Sasa jibu lenu. Theluthi yangu ni ya Sichana. Chumba cha uani akae yeye, na ukumbi apite, mpaka atakapokufa, na baada yake irudi kwenu. Mleteni. Msingoje arubaini yangu, mleteni siku ile ile, Machano umbebe mgongoni umshushe zile ngazi, mgongo unao. Akifika mlangoni mpeni maji kwanza, kabla hajakaa, maji mengi, kwenye bakuli langu. Jiwe lililokwisha kujengewa lina kiu. Kitanda changu asilale, atakuja na chake. Mto wangu asiuguse. Na asikae kwenye kiti changu pale dirishani... au basi, akae, lakini asiseme kwamba ni chake.

Mimi mtaniosha hapa hapa. Machano, utachukua tindo za baba yako, utaivunja sakafu hii pale kwenye ua la buluu, utanichimbia ufuo, maji yangu yapite yalipopita yake. Usilie ukivunja. Vipande usivitupe hata kimoja. Vitie ndooni, viloweke, na mkitoka makaburini uzibe kwa vile vile... na mwite Sichana aje na kibao chake. Aimbe yeye. Mimi siwezi kumfundisha mtu mwengine wimbo sasa hivi.

Radhi zangu nimekupeni. Shemsa, bakuli la mchuzi litoke mlango wa mbele, usinyate tena. Machano, mpende dada yako kama... mpende tu. Mwenyezi Mungu akupeni watoto wasiokuchokeni, akupeni nyumba isiyovuja, akukutanisheni na mimi mkiwa hamna deni la mtu. Amin. Semeni amin kwa sauti, masikio yanaanza kuziba.

Bado moja. Shikeni hili kuliko yote. Mtunzeni. Nasema mtunzeni kweli kweli, Sichana. Uji wa moto asubuhi. Magoti yake myakande kwa mafuta ya karafuu. Akikohoa mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje. Samaki mumtolee miba... Aishi. Aishi mpaka achoke mwenyewe. Nnataka akawie.

Yeye alisimama mlangoni akaniambia amelala, usimwamshe. Sasa mimi nnatangulia kwa Mcha... na mlangoni nitasimama mimi. Mwambieni asiwe na haraka. Mwambieni Mwatum kasema... zamu hii ni yangu.